Ramani ya mji isomwe kwanza kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu ramani mpya za miji, hizi zinazotengenezwa kwa picha za setilaiti, ndege zisizo na rubani na kompyuta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Songea. Si mtaalamu wa mipangomiji. Lakini ramani hizo zimefika kijijini kwetu kabla ya mji wenyewe kufika, na kwa kuwa miji mingi nchini inapanuka kuelekea vijijini, naamini jambo hili linawahusu wasomaji wengi wa gazeti hili.

Kwanza ieleweke kwamba siandiki barua hii kupinga maendeleo wala kuwabeza wataalamu wetu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Ruvuma na watu 1,376,891. Sensa ya Agosti 2022 ikaukuta na watu 1,848,794. Watu hao wanahitaji nyumba, barabara, shule na masoko. Mji uliojengwa bila mpango tunaujua ulivyo. Katika Dar es Salaam zaidi ya nusu ya wakazi wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kiholela, na huko mgonjwa akizidiwa usiku gari husimama mbali, jirani wakambeba mabegani kupitia vichochoro. Sisi wa Songea bado tunayo nafasi ya kuepukana na hali hiyo. Kwa hiyo siku tuliyotangaziwa kwamba wataalamu watakuja kutuonyesha mchoro wa kijiji chetu kitakavyokuwa mji, mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi, na wanafunzi wa darasa la saba nikawaruhusu wahudhurie.

Wataalamu walikuja, vijana wenye adabu, wakabandika karatasi kubwa ya rangi ukutani mwa ofisi ya kijiji. Njano ilikuwa viwanja vya makazi, nyekundu maduka, kijani maeneo ya wazi. Kisha wakafungua kompyuta na kutuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumeliona. Kijiji chetu kilikuwa mle ndani, kinageuzwa huku na huku kama mtu anavyogeuza papai sokoni. Wakabonyeza, nyumba zikasimama. Wakabonyeza tena, barabara ikanyooka, miti ikapandwa kando yake, na kivuli cha miti kikahama kadiri jua lilivyosogea. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, sioni haya kusema.

Ndipo bibi mmoja wa kitongoji cha ng'ambo akanyoosha mkono. Kijana akamwamkia, "Shikamoo bibi." Naye akaitikia, akauliza: "Mjukuu wangu, maji ya Machi yako wapi humo?"

Kijana alimtazama, akaitazama kompyuta. Sote tukatazama. Mahali alipoonyesha bibi ni bondeni, kati ya shule na kitongoji chake. Katika mchoro palikuwa na rangi ya njano, viwanja 40 na kitu, na nyumba nzuri zenye paa jekundu. Kijana yule, namsifu kwa hili, hakudanganya. Alisema: "Bibi, picha hii ilipigwa Septemba."

Ndugu Mhariri, kwa wasomaji wasioijua Songea nieleze kidogo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Mwezi wa Septemba bonde letu linaonekana kama uwanja uliofyekwa: nyasi zimekauka, nyingine zimechomwa moto, na ukilitazama kutoka juu huwezi kulitofautisha na shamba lililovunwa mahindi. Njoo Machi uone. Maji husimama kuanzia kwenye mti wa mfenesi hadi nyuma ya nyumba ya mzee mmoja anayefuga nguruwe, na anayevuka hapo huvua viatu. Tena hapo bondeni ndipo zilipo chemchemi tatu. Mabomba yakikauka mwezi wa Oktoba, vitongoji vitatu vyote huchota hapo, na bustani za mboga tunazokula mpaka mvua zirudi ziko hapo hapo. Kwa picha ya Septemba, hapo hapana kitu. Ni eneo tupu linalosubiri mji.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na wasiwasi, nikaanza kusoma. Ninacho kishikwambi, kama walimu wengi nchini. Wasomaji watakumbuka kwamba vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa sensa ile, nikatembea nyumba kwa nyumba nikiwa na ramani ya eneo langu la kuhesabia ndani ya kifaa hicho. Mwaka huo huo ilifanyika pia Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa na Rais mwezi wa Februari, na nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina na mahali pake pakaingizwa katika mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo mambo haya ya ramani za kompyuta si mageni kabisa kwetu kama wengine wanavyodhani. Kilicho kigeni ni kutumiwa kuamua tutaishi wapi.

Katika kusoma kwangu nimejifunza kwamba ile bonde kusimama na kuonekana katika kompyuta hutokana na ramani za miinuko. Mojawapo, ambayo hupatikana bure dunia nzima, ilitokana na chombo cha anga cha Marekani kilichozunguka dunia kwa siku 11 mwezi wa Februari 2000 kikipima ardhi kwa mawimbi ya rada. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ramani hiyo inaigawa ardhi katika vipande, na kila kipande kina upana wa mita 30 hivi, chenye kimo kimoja tu. Kijito chetu kina upana wa hatua sita. Ndani ya kipande cha mita 30 kijito hicho humezwa, na kompyuta ikaona uwanda. Tena rada ile ilipokuta miti iliyosongamana mara nyingi haikufika ardhini sawasawa, ikapima kimo cha juu zaidi, na kompyuta ikaongeza mwinuko pasipo mwinuko. Sisemi kwamba wataalamu waliokuja kwetu walitumia ramani hiyo. Nasema tu kwamba kile kijiji kizuri kinachogeuzwa kama papai kimejengwa juu ya vipimo, na kila kipimo kina tarehe yake na upungufu wake, ambao mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji hauoni. Anaona nyumba na miti, anapiga makofi.

Hapa kuna jambo ambalo mimi kama mwalimu linaniuma zaidi. Watoto wa kitongoji cha ng'ambo huja shule kwa njia ya miguu inayovuka bonde juu ya magogo mawili. Njia hiyo haionekani katika picha kwa sababu imefunikwa na matawi. Katika mchoro haipo. Badala yake ipo barabara pana inayozunguka bonde, nzuri kwa magari. Nilipima njia zote mbili kwa kishikwambi changu. Ya sasa ni mita 900. Ya mchoro ni kilomita mbili na mita 700, na mtoto atalazimika kuvuka barabara kuu mara mbili. Mtoto wa darasa la kwanza ana miaka sita au saba. Hivi kweli, ndugu zangu, nani aliyekaa akakusudia watoto hawa waongezewe safari? Hakuna. Ndiyo hatari yenyewe: hakuna aliyekusudia, kompyuta haikuiona njia, basi njia imefutwa.

Wazee wetu wanaikumbuka habari ya namna hii. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 na 1975, ziko sehemu nyingi nchini ambako watu walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka vizuri sana, baadhi yake mbali na maji na mbali na mashamba. Shabaha ilikuwa njema, watu wawe karibu na shule na zahanati. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini nimesikia ikisimuliwa kwamba waliochora mistari walikuwa na haraka, na waliojua chemchemi iko wapi hawakuulizwa. Wakati ule kosa lilikuwa la rula na penseli, na mwanakijiji aliweza kuitazama penseli akabisha. Mbele ya kompyuta watu husita kubisha. Hudhani mashine imekwisha kujua.

Basi nani alipaswa kuulizwa, na kwa njia gani? Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, upo Dar es Salaam. Mwaka 2011, katika Tandale, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walitembea pamoja na wakazi wakatengeneza ramani ya kata hiyo, uchochoro kwa uchochoro. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo mafuriko yaliipiga Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 40. Baadaye, mwaka 2015, ukaanza mradi ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliungana na wakazi wa kata zinazofurika, wakaingiza katika ramani nyumba, mitaro, madaraja na njia za maji, na ramani hiyo ikawekwa wazi mtu yeyote aione bila malipo. Walirusha pia ndege ndogo zisizo na rubani ili wapate vimo vya ardhi vilivyo sahihi kuliko vya angani juu kabisa. Lakini lililonivutia mimi ni kwamba waliwauliza wakazi maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi, wakayaandika majibu hayo ndani ya ramani. Ndipo kompyuta ikaweza kukadiria mvua ikinyesha tena ni nyumba ngapi na shule zipi zitaingiliwa na maji. Yaani mashine ilifanya hesabu, lakini nambari iliyoanzia ilitoka kwa mama aliyeyaona maji ukutani mwake.

Huko huko Dar es Salaam upo mfano wa upande wa pili. Kila mkazi wa Jangwani anajua kwamba Mto Msimbazi ukijaa huja hapo. Hata hivyo kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa hapo, na maji yamekiingia mara kadhaa, mabasi yakalazimika kuondolewa. Baada ya hapo ndipo imepangwa kazi kubwa na ya gharama ya kulirekebisha bonde la Msimbazi na kuinua barabara kwa daraja refu. Songea hatuna fedha za kujenga kwanza halafu kurekebisha.

Zanzibar nao wamefanya lao. Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzirusha ndege hizo wenyewe. Picha zake ni safi mno, hata kitu kisichofika sentimita 10 huonekana. Tukipata picha kama hizo huku kwetu nitashukuru. Hata hivyo picha ya Septemba, ikiwa safi kiasi gani, itabaki kuwa picha ya Septemba.

Nimezungumza na mwalimu mwenzangu juu ya barua hii, naye akanipinga. Alisema wananchi wakiulizwa kila jambo mpango hautakwisha, kila mmoja atavutia kwake, na zaidi ya hayo mchoro ukibandikwa hadharani madalali watawahi kununua mashamba kwa bei ya kutupa kabla wenyewe hawajaelewa. Kuhusu kila mmoja kuvutia kwake ana haki, nimeyaona katika mikutano yetu, mtu anadai barabara ipite mlangoni kwake lakini isiguse mgomba wake. Kuhusu madalali simkubalii. Kijijini kwetu watu wenye magari walianza kuulizia mashamba ya njia ya juu miezi miwili kabla mchoro haujabandikwa. Walijuaje? Siri ya mchoro ilifichwa kwa wenye ardhi tu. Mchoro ukiwa wazi tangu mwanzo, angalau mwenye shamba atajua anachouza.

Tena jambo hili halitokani na matakwa yangu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inautambua mkutano mkuu wa kijiji katika mambo ya ardhi, na Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya mwaka 2007, inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa mpango. Swali langu ni hili: kuonyeshwa nyumba zinazosimama kwenye kompyuta kwa dakika 40, kisha kupitisha karatasi ya mahudhurio watu watie saini, ndiko kushirikishwa? Mimi nilitia saini karatasi ile. Niliona imeandikwa mahudhurio. Sina hakika huko ilikokwenda inasomwaje.

Kwa hiyo naomba wahusika wazingatie machache. Kila mchoro unaoletwa kijijini uandikwe kwa herufi kubwa picha yake ilipigwa mwezi gani na mwaka gani, na vimo vyake vimetoka wapi. Ubandikwe na ukae mpaka msimu mmoja wa mvua upite, ndipo uidhinishwe. Mwaka mmoja si mwingi kwa mji utakaokaa miaka 100. Songea umo katika miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaogharimia barabara, masoko na mitaro, na mtaro ukishachimbwa mahali pasipo pake hauhamishwi kwa kubonyeza.

Na sisi walimu tutumiwe. Shule ya msingi iko karibu kila kijiji, kishikwambi kipo, na kuchora ramani ya darasa, kisha ya shule, kisha ya kijiji, ni somo tulilofundishwa chuoni kulifundisha. Hakuna posho kubwa inayohitajika. Mimi nimejaribu. Wiki iliyofuata mkutano ule niliwatoa darasa la sita na la saba, wakaenda na kamba, daftari na kishikwambi kimoja. Walipita nyumba 63. Waliuliza maswali matatu: maji ya Machi hufika wapi, mnachota wapi Oktoba, na mnapita wapi kwenda shule, sokoni na makaburini. Makaburi yaliongezwa na msichana mmoja wa darasa la sita, mimi sikuwa nimeyafikiria. Yakapatikana makaburi 11 chini ya miti, mahali ambapo mchoro unaonyesha maduka.

Majibu tumeyachora kwenye karatasi mbili za manila zilizogundishwa, kwa kalamu za rangi. Si nadhifu kama ule mchoro wa ofisini. Bluu imevuka mpaka kidogo kwa sababu aliyepaka alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Lakini kila alama ina mwezi wake. Tuliipeleka ofisi ya kijiji ikabandikwa kando ya ule mchoro mwingine, na watu wanaokuja kugongesha mihuri husimama wakalinganisha. Mzee wa nguruwe alikuja akadai maji yamechorwa karibu mno na banda lake, tukaenda naye kupima, tukamkuta ana haki, tukafuta hatua nne.

Yule kijana mtaalamu alipita tena mwezi uliopita kwa shughuli nyingine. Aliitazama manila yetu kwa muda mrefu, akaipiga picha kwa simu, akaniuliza kama tunazo nukta za chemchemi zile kutoka kwenye kishikwambi. Nikampa zote tatu. Alisema atazifikisha, ila kubadili mchoro si uamuzi wake peke yake. Namwamini.

Kikao cha kuidhinisha bado hakijaitishwa. Serikali ya kijiji imeandika barua kuomba kifanyike mwezi wa Machi, na kifanyike bondeni, pale kwenye mti wa mfenesi. Tumewashauri wajumbe waje na viatu vya mvua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Songea, Ruvuma.